Sauti ya Ibada Nyumbani: Anza na Namna Unavyoitika

Mtu amemaliza kusali. Sauti yake bado iko chini, uso umetulia, hata mlango anaufungua taratibu. Mara mwenzake anauliza kutoka chumba cha pili, "Umeona funguo?" Anajibu: "Kwani mimi ndiye mlinzi wa funguo?" Ile sauti ya dakika moja iliyopita imebaki kwenye mkeka.

Nimekuwa mtu huyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mwongozo huu umetokana na kujaribu kuibeba sauti ile kutoka mahali pa sala mpaka kwenye mazungumzo ya funguo, bili, watoto, na nani kaacha taa inawaka.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "ibada". Sisemi umwabudu mumeo, mkeo, mzazi wako au rafiki yako. Binadamu akiabudiwa huharibika, na aliyemwabudu huishia kumchukia siku atakapogundua kuwa kumbe ni mtu tu. Tunachoazima hapa ni namna ya ibada: kuja ukiwa na nia, kuweka kando mengine, kusema kwa staha, na kurudi kesho kufanya vilevile hata kama jana hukuhisi chochote. Kama huna dini, sauti hii unaijua pia. Ndiyo unayoitumia ukimlaza mtoto mchanga aliyekwisha sinzia, au ukikaa kando ya kitanda cha mgonjwa unayempenda. Koo lako linaijua kazi hiyo. Tatizo ni kwamba tumeitengea nyakati maalumu, siku ya kawaida tukaiachia makombo.

Hatua ya kwanza: jisikilize

Kabla hujabadili chochote, tafuta ushahidi. Fungua simu yako usikilize ujumbe wa sauti uliotuma wiki iliyopita: mitatu kwa mtu unayeishi naye, mitatu kwa mkubwa wako wa kazi au mteja. Maneno yaache. Sikiliza unavyoanza, unavyomaliza, na unavyovuta pumzi katikati.

Wengi watagundua kwamba sauti yao bora huwaendea watu wa mbali. Mteja anapewa "Habari za asubuhi, samahani kwa usumbufu." Wa nyumbani anapewa "Eeh, unasemaje?" Mimi nilipofanya zoezi hili nilitarajia kusikia ukali. Sikuusikia. Nilichosikia ni haraka. Kila sentensi niliyomwambia mke wangu ilikuwa inakimbilia mwisho, kama mtu anayetaka kukata simu kabla salio halijaisha. Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa akiniuliza, "Umekasirika?" nami nikiapa kwamba sijakasirika. Tulikuwa sote tunasema kweli.

Andika jambo moja tu ulilolisikia. Hilo ndilo utakaloanza nalo. Ukiandika matano, ndani ya siku tatu utakuwa umeyaacha yote.

Hatua ya pili: itika

Watu wakitaka kuboresha mazungumzo huanza na kusema. Hujifunza maneno matamu, majina ya mapenzi, mashairi ya kutumiana. Mimi naona pa kuanzia ni kuitika, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo penye kazi.

Lugha yetu yenyewe inatuonyesha njia. Lile neno "labeka", ambalo wengine hulitamka "lebeka" na ambalo "bee" na "abee" ni wa ukoo wake, lina asili ya Kiarabu: *labbayka*. Ni neno lilelile wanalolitamka mahujaji wakielekea Makka, maana yake nimeitika, niko hapa mbele yako. Neno hilohilo la ibada limekuwa pia neno la nyumbani, jibu la mtu aliyeitwa na mama yake. Tumebaki na neno, lakini mwili wake umetuponyoka. Siku hizi "abee" hutoka mdomoni huku macho yakiwa kwenye kioo cha simu na kidole kikiendelea kusogeza picha.

Mwanasaikolojia wa Marekani, John Gottman, aliwachunguza wanandoa wapya katika maabara yake ya Chuo Kikuu cha Washington, kisha akawafuatilia baada ya miaka sita. Waliokuwa bado pamoja walikuwa wameitikia miito midogo ya wenzao mara 86 katika kila 100. Walioachana, mara 33. Miito yenyewe haikuwa mikubwa. Ni kama "Hebu tazama yule ndege," au mtu kuhema kwa nguvu akisoma barua, au kucheka peke yake kwa namna ya kutaka kuulizwa anacheka nini. Miito mingine ya nyumbani haina hata maneno. Mtu anasimama mlangoni na kukaa kimya: huo nao ni mwito.

Fanya hivi. Ukiitwa, simamisha mikono kwanza. Kisha geuza kifua, usigeuze shingo peke yake, maana shingo iliyogeuka juu ya kifua kisichogeuka inasema "fanya haraka." Halafu toa sauti ya kuitika kabla ya kutoa jibu: "Naam," "Abee," "Ndiyo, mama," lolote linalofaa baina yenu. Sekunde mbili hizo ndizo zinazomwambia mtu kwamba amefika. Jibu la swali lake linaweza kuwa hata "sijui," naye hataumia.

Kama kweli huwezi kuacha unachofanya, usijifanye unasikiliza. Sema, "Nimekusikia. Nipe dakika tano nimalize hii, nakuja." Baada ya dakika tano *wewe* ndiye uende. Usingoje aje tena. Mtu anayeambiwa "subiri" na asirudiwe hujifunza kitu kimoja polepole: kutoita. Na nyumba ambamo watu wameacha kuitana huwa na utulivu ambao wageni huusifu.

Kuna mwito mmoja ambao watu wema huukosea kuliko yote, nao ni mwito wa furaha. Mwanasaikolojia Shelly Gable na wenzake mwaka 2004 walionyesha kwamba namna mwenzi anavyopokea habari njema ina uzito mkubwa katika afya ya uhusiano. Tukipewa habari ya msiba tunajua la kufanya. Tukipewa habari njema tunaanza kukagua. "Nimepandishwa cheo!" "Hongera. Sasa si utakuwa unachelewa zaidi kurudi?" Swali hilo huenda ni la haki kabisa, ila si la dakika hiyo. Itikia furaha kwa kumfanya aisimulie: "Ehee! Nani kakuambia? Mlikuwa wapi? Anza mwanzo." Maswali ya kuchelewa kurudi yatakuwepo kesho, hayaozi.

Hatua ya tatu: weka nia kwenye kizingiti

Dini nyingi hazimwingizi mtu katika sala moja kwa moja kutoka barabarani. Kuna kutawadha, kuna kuvua viatu, kuna kupiga ishara ya msalaba, kuna kunyamaza kidogo. Lakini mazungumzo na watu tunaowapenda tunayaingia kama tunavyoingia kwenye foleni, bado tunahema mambo ya mahali tulikotoka.

Chagua kizingiti chako. Inaweza kuwa kitasa cha mlango, au kabla ya kubonyeza kitufe cha kupiga simu. Shika hapo, toa pumzi moja ndefu, kisha useme kimoyomoyo jina la unayekwenda kukutana naye na jambo moja unalojua analibeba leo. "Mama. Magoti yanamsumbua." "Mwanangu. Leo alikuwa na mtihani."

Angalia kwamba sikusema ujiambie "leo nitakuwa mpole." Nia hiyo inakuhusu wewe, na ndiyo maana huvunjika: mtu akikujibu vibaya unajiona umedhulumiwa upole wako. Nia inayomhusu yeye hudumu zaidi, kwa sababu magoti ya mama hayaachi kuuma eti kwa kuwa amekujibu mkato.

Hatua ya nne: koo, kasi na kimya

Huenda umewahi kusikia kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, na sauti na uso ndivyo vinavyobeba zilizobaki. Takwimu hizo zinatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, ambayo yalihusu hisia za mtu anapotamka neno mojamoja, tena hasa pale sauti na neno vinapopingana. Hayakuhusu mazungumzo yote ya binadamu. Maneno yana uzito wake, na anayebisha ajaribu kuomba radhi kwa kuguna. Ila somo dogo la Mehrabian linafaa hapa: sauti na neno vikipingana, msikilizaji huamini sauti.

Vitabu vitakatifu vililiona jambo hili mapema. Katika Qur'ani, Luqman anamuusia mwanawe ateremshe sauti yake, na anaitaja sauti ya punda kuwa ndiyo inayochukiza kuliko zote. Katika Mithali imeandikwa, "Jawabu la upole hugeuza hasira." Sasa, kwa vitendo:

- Punguza kasi kabla ya kupunguza sauti. Sauti ya chini yenye kasi husikika kama kitisho.
- Toa pumzi nje kidogo kabla ya kuanza kusema. Mtu anayeanza kusema huku kifua kimejaa hewa huanza kwa kishindo.
- Mwenzako akimaliza, hesabu moja, mbili, ndipo ujibu. Mara nyingi ndani ya hiyo mbili ataongeza lile ambalo hasa alitaka kulisema.
- Lizoeshe jina lake kwenye heri. Nyumba nyingi hutumia jina kamili la mtu wakati wa kesi tu, hata akilisikia anaanza kujitetea kabla hajajua kosa.

Mipaka ipo pia. Usilainishe sauti hadi ukawa mhubiri. Sauti ya mimbari ikitumika kuuliza nani atatoa taka nje inaudhi kuliko kelele. Na kuna ubaya mwingine mkubwa zaidi, ule wa asali juu ya sumu: "Mpenzi wangu, hivi na leo umesahau *tena*?" Hapo umeinajisi sauti yenyewe. Ukifanya hivyo mara tano, siku utakayosema "mpenzi wangu" kwa kweli, mwenzako atatafuta mwiba uko wapi. Kama umekasirika, bora useme, "Nimekasirika."

Hatua ya tano: lalamika kama anayeomba

Hapa watu hudhani ibada na malalamiko havikai pamoja. Kumbe Zaburi nyingi ni vilio vitupu, na Yakubu katika Qur'ani anasema wazi kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Mwombaji hulalamika kwa uchungu mkubwa, ila hulalamika akiwa ameelekea. Hampi mgongo anayemlalamikia, wala hamsemi kwa jirani.

Jaribu mpangilio huu: tukio moja, ulivyohisi, ombi dogo. Badala ya "Wewe siku zote unanipuuza," sema: "Jana nilipokuwa nakusimulia habari za kikao, ulichukua simu, nami nikanyamaza. Iliniuma. Naomba leo nikumalizie, dakika kumi tu." Kauli ya kwanza inamhukumu mtu mzima na maisha yake yote, kwa hiyo lazima ajitetee. Ya pili inampa kitu anachoweza kukifanya kabla ya kulala. Gottman na wenzake waliona kwamba dakika tatu za mwanzo za mabishano hutoa dalili kubwa ya yatakavyoishia, hivyo kama una nguvu ya kutosha sentensi moja tu ya upole, iweke mwanzoni.

Kwa mzazi au mtu aliyekuzidi umri, anza kwa kuomba ruhusa, kisha usiogope kulisema lenyewe. "Baba, naomba niseme jambo, na nikikosea namna ya kulisema unirekebishe. Ukiizungumzia kazi yangu mbele za watu, naona aibu sana. Naomba mambo hayo tuyaseme tukiwa wawili." Staha hapo imekuwa gari, na mzigo umefika. Nimeona watu wengi wakitumia heshima kama sababu ya kunyamaza miaka kumi, kisha wakalipuka siku moja kwenye mkusanyiko wa familia. Walidhani wamestahi. Walikuwa wakiweka akiba ya baruti.

Hatua ya sita: chagua namna inayomfaa mtu

Nilipoanza nilikosea kwa kuwa na sauti moja kwa wote, ya upole na uzito, hadi rafiki yangu wa miaka mingi akaniuliza kama naumwa. Nilijifunza kutoka mahali ambapo sikutarajia. Katika njia ya bhakti ya Wahindu, yaani ibada ya kumpenda Mungu, mwanazuoni wa karne ya 16 Rupa Goswami alieleza namna tano za kumwelekea Mungu: kwa utulivu, kwa utumishi, kwa urafiki, kwa huruma kama ya mzazi, na kwa mahaba. Zote tano ni ibada kamili.

Hii inafungua mlango. Kwa rafiki, sauti ya ibada inaweza kuwa utani, mradi utani huo uonyeshe unamfahamu vizuri na unajua pale pasipoguswa. Kwa mtoto ni upole wenye kuinama: chuchumaa, macho yenu yalingane, ndipo useme. Kwa mzee mara nyingi ni kutumika: "Nikuletee nini?" ikisemwa ukiwa umekwisha simama. Kwa mwenzi wa ndoa unazihitaji zote tano, na ugomvi mwingi huzuka kwa kutoa moja wakati inahitajika nyingine. Mtu anahitaji rafiki wa kucheka naye, wewe unamhurumia kama mgonjwa. Ukiwa hujui, uliza: "Unataka nikusikilize, au nikusaidie kufikiri?" Swali hilo limeniokoa mara nyingi kuliko hekima yoyote niliyokuwa nayo.

Kwenye ujumbe wa maandishi

Hapa nitapita haraka. Maandishi hayana koo, kwa hiyo msomaji huyasoma kwa sauti ya hofu yake. "Sawa." yenye nukta, peke yake, husomwa kama mlango uliobamizwa. Ongeza neno moja la kumtambua mtu: "Sawa, mume wangu," "Sawa dada, nimepata." Huzuni na ugomvi usivimalize kwa kuandika, piga simu au ngoja muonane. Na usiache swali la mtu limesomwa bila jibu siku nzima huku ukionekana mtandaoni. Huko nako ni kuitwa.

Siku utakapoharibu

Utaharibu, pengine leo jioni. Kuna wakati mwili wenyewe umeshakataa: moyo unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika, masikio yamejaa kelele, na kila unachoambiwa unakisikia kama tusi. Katika hali hiyo usijaribu kuwa mpole. Sema, "Hasira zimenipanda sana, naomba nusu saa, nitarudi tuendelee." Watafiti wa ndoa hushauri mapumziko yasiyopungua dakika 20, kwa kuwa mwili huchukua muda huo kutulia. Masharti ni mawili: usiutumie muda huo kupanga hoja za ushindi, na urudi kweli.

Ukirudi, omba radhi kwa ufupi. "Nilikupandishia sauti. Haikuwa haki. Nisamehe." Ukiongeza "lakini na wewe..." umefuta yote matatu. Na usidai usamehewe papo hapo. Anayetubu hapangi tarehe ya kujibiwa.

Marudio ndiyo yatakayokubeba. Ibada ina saa zake, na mtu husali hata siku ambazo moyo ni mkavu. Jiwekee nyakati mbili zisizobadilika, tuseme maneno ya kwanza ya asubuhi na ya mwisho kabla ya kulala, na uzilinde hizo mbili hata siku ambayo saa nyingine zote zimekushinda. Usiku usimalize kwa orodha ya kazi za kesho.

Jambo moja la kutenganisha kabisa. Kama unateremsha sauti kwa sababu unaogopa kupigwa, kutukanwa au kunyimwa mahitaji, mwongozo huu haukuhusu. Anayekutisha namna hiyo hageuzwi na kuitikiwa vizuri zaidi. Unachohitaji ni usalama, na mtu unayemwamini wa kumweleza ukweli mapema.

Wiki ya kwanza itakavyokuwa

Usitarajie shukrani. Tarajia kushukiwa. Mtu aliyezoea kujibiwa na kisogo ukimgeuzia kifua atakutazama kwa jicho la kuuliza. Mke wangu siku ya tatu aliweka chini alichokuwa amekishika akaniambia, "Sema tu. Umefanya nini?" Watoto wataangaliana. Mama kwenye simu atauliza kama kuna msiba ambao hujamwambia.

Usianze kumweleza kuhusu mpango wako wala kusema umesoma mahali. Ukishautangaza, kila kosa lako dogo litakuwa kesi, na kila wema wako utaonekana zoezi. Akikuuliza kuna nini, mjibu kwa ile sauti uliyokuwa unajifunza: "Hakuna kitu. Umeniita, nimeitika." Kisha msaidie kutafuta funguo.